Mkojo Hutoa Habari Mapema: Namna ya Kuzilinda Figo za Mgonjwa Anayetibiwa kwa Viuavijasumu



Katika zahanati, vituo vya afya na hospitali zetu ni vigumu kupita siku moja bila mgonjwa kupewa kiuavijasumu, yaani antibaotiki. Mama aliyepata homa baada ya kujifungua, mtoto mchanga aliyeacha kunyonya, mzee mwenye kidonda kilichooza, wote hao hutegemea dawa hizi ili waishi. Hatuna budi kushukuru kwamba zipo.

Hata hivyo, baadhi ya viuavijasumu vinaweza kuumiza figo wakati vinapomponya mgonjwa. Jeraha hilo halina kelele. Mgonjwa hahisi maumivu, na mara nyingi anaendelea kupata mkojo kama kawaida. Homa inashuka, ndugu wanafurahi, kumbe ndani figo zinaharibika. Kipimo cha damu tulichokizoea huonyesha tatizo siku kadhaa baadaye. Kwa sababu hiyo wanasayansi wametumia zaidi ya miaka 20 kutafuta alama ndani ya mkojo zinazoweza kutoa habari mapema zaidi. Alama hizo huitwa viashiria vya mkojo.

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya wanakamati wa parokia wanaosimamia huduma za afya, na kwa wafadhili wanaojiuliza fedha zao zitumike wapi. Tutaeleza jinsi dawa inavyoumiza figo, viashiria hivyo ni nini, vinaweza kufanya nini na haviwezi kufanya nini. Mwishoni tutataja mambo ambayo kamati inaweza kuanza kuyafanya hata kabla ya kununua kipimo chochote kipya.

FIGO HUFANYA KAZI GANI?

Kila mtu mzima mwenye afya ana figo mbili, na kila figo ina vichujio vidogo sana vipatavyo milioni 1. Kwa siku moja vichujio hivyo huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu. Kama majimaji yote hayo yangetoka nje, mtu angekauka na kufa kabla ya jioni. Lakini baada ya kila kichujio kuna mrija mwembamba ambao kazi yake ni kuyarudisha mwilini maji, chumvi, sukari na protini ndogo ndogo. Kinachobaki, lita 1 hadi 2 kwa siku, ndicho mkojo.

Tuukumbuke mrija huu, hasa sehemu yake ya kwanza iliyo karibu na kichujio. Hapo ndipo dawa nyingi zinapofanya madhara.

DAWA INAYOPONYA INAWEZAJE KUDHURU?

Viuavijasumu huumiza figo kwa njia zaidi ya moja. Zilizo muhimu kwetu ni mbili.

Njia ya kwanza ni sumu inayojilimbikiza. Hapa mfano mkuu ni jamii ya dawa za sindano ziitwazo aminoglikosaidi. Ya kwanza katika jamii hii ni streptomaisini, iliyogunduliwa mwaka 1943 na Albert Schatz katika maabara ya Selman Waksman huko Marekani. Ilikuwa kiuavijasumu cha kwanza kuweza kutibu kifua kikuu, na mwaka 1952 Waksman alipewa Tuzo ya Nobeli. Baadaye zilifuata kanamaisini, jentamaisini na amikasini. Jentamaisini, iliyotangazwa mwaka 1963, bado ni nguzo katika wodi za watoto wachanga. Shirika la Afya Duniani linapendekeza itumike pamoja na ampisilini au penisilini kwa mtoto mchanga mwenye maambukizi makali.

Chembe hai za mrija wa kwanza zina vipokezi ambavyo ni kama milango. Kazi yake ni kuokota protini zilizopenya kwenye kichujio ili zisipotee. Kipokezi kimojawapo huitwa megalini. Jentamaisini hujishika kwenye megalini na kuingizwa ndani ya chembe, kisha huwekwa katika vijifuko vinavyosaga taka za chembe. Tatizo ni kwamba vijifuko hivyo haviwezi kuisaga dawa hii. Inabaki humo, na kesho inaongezeka nyingine, na keshokutwa nyingine. Mwishowe vijifuko vinavimba na kupasuka, na chembe inakufa. Ndiyo maana madhara huonekana zaidi kwa mgonjwa aliyetumia dawa kwa siku 5 hadi 7 au zaidi.

Kutokana na hali hii ya milango tunapata funzo la manufaa. Milango ikijaa, haiwezi kupokea zaidi kwa wakati huo. Kwa hiyo dozi ya siku nzima ikitolewa kwa mara 1, kiasi kinachoingia kwenye chembe za figo ni kidogo kuliko dozi ile ile ikigawanywa mara 3. Hii ni mojawapo ya sababu zilizofanya hospitali nyingi ziache utaratibu wa zamani wa sindano kila baada ya saa 8.

Njia ya pili ni mzio. Penisilini, siprofloksasini na rifampisini, kwa mfano, zinaweza kuufanya mwili wa watu wachache uishambulie figo yake wenyewe. Hapa kiasi cha dawa si hoja kubwa. Hata dozi sahihi inaweza kuleta shida kwa mtu ambaye mwili wake unaikataa. Jeraha hili linahitaji kutambuliwa haraka, kwa sababu hatua ya kwanza ya tiba ni kusimamisha dawa iliyolisababisha.

Walio katika hatari zaidi ni hawa:

- mgonjwa aliyepungukiwa maji kwa kuhara, kutapika au homa kali;
- mzee, na mtu ambaye figo zake zilikuwa dhaifu tangu awali;
- anayetumia dawa kwa siku nyingi;
- anayechanganya dawa zaidi ya moja zinazoumiza figo, kwa mfano jentamaisini pamoja na vankomaisini, au pamoja na dawa za maumivu kama diklofenaki;
- mtoto mchanga, hasa njiti, ambaye figo zake hazijakomaa.

KIPIMO CHA DAMU TULICHOKIZOEA NA KASORO ZAKE

Kipimo cha kawaida cha figo ni kreatinini ya damu. Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli. Figo zikifanya kazi vizuri, taka hiyo hutolewa. Zikidhoofika, hubaki na kurundikana katika damu. Kwa mujibu wa mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2012, tunasema mtu amepata jeraha la ghafla la figo ikiwa kreatinini yake imepanda kwa miligramu 0.3 katika desilita 1 ya damu ndani ya saa 48, au imefikia mara 1.5 ya kiwango chake cha awali ndani ya siku 7, au mkojo wake umepungua kupita kiasi kilichowekwa kwa saa 6.

Kipimo hiki ni kizuri, na popote ambapo hakipo tunahimiza kipatikane. Lakini kina kasoro nne ambazo kila kamati inafaa kuzijua.

Kwanza, kinachelewa. Figo zina akiba kubwa ya nguvu. Mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wa figo zake kabla kreatinini haijavuka kiwango cha kawaida. Na baada ya jeraha, taka huchukua siku 1 hadi 3 kurundikana kiasi cha kuonekana.

Pili, kinategemea misuli. Mtoto mwenye utapiamlo, mzee aliyekonda na mgonjwa wa muda mrefu wana misuli kidogo, hivyo kreatinini yao ni ndogo tangu mwanzo. Jibu la maabara linaweza kusomeka "kawaida" wakati figo zina hali mbaya.

Tatu, kwa mtoto mchanga kipimo hiki kinadanganya. Katika siku za kwanza za maisha, kreatinini iliyo katika damu ya mtoto kwa sehemu kubwa ni ile aliyoipata kwa mama yake. Na hizo hasa ndizo siku ambazo watoto wengi hupewa jentamaisini.

Nne, wakati mwingine kinapiga kelele bure. Dawa ya kotrimoksazoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Septrin, huzuia mrija wa figo usiitoe kreatinini nje. Kreatinini inapanda kidogo, lakini huenda figo haijaumia hata kidogo. Dolutegravir, iliyomo katika dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zinazotumiwa na watu wengi Afrika Mashariki, hufanya vivyo hivyo. Mgonjwa anaweza kusimamishiwa dawa anayoihitaji kwa sababu ya kipimo kilichokosea tafsiri. Hii haina maana kwamba Septrin haiwezi kamwe kuumiza figo. Maana yake ni kwamba kupanda kwa kreatinini peke yake si hukumu.

VIASHIRIA VYA MKOJO NI NINI?

Kreatinini hutuambia kwamba kazi imepungua. Viashiria vipya hutuambia kwamba chembe zenyewe zinaumia. Tofauti yake ni kama mwenye nyumba anayengoja mpaka paa limeanguka, na yule anayeona vumbi la mchwa chini ya nguzo. Vifuatavyo ndivyo vinavyotajwa zaidi:

1. KIM-1. Protini hii ilielezwa mwaka 1998 na watafiti wa Boston, Marekani. Katika figo yenye afya karibu haionekani. Chembe za mrija wa kwanza zikijeruhiwa, huitengeneza kwa wingi, nayo huzisaidia chembe zilizobaki hai kumeza mabaki ya zile zilizokufa. Kipande chake hukatika na kuangukia kwenye mkojo. Kwa kuwa jentamaisini huumiza mrija huo huo, KIM-1 imekuwa kiashiria cha karibu sana na dawa hii.

2. NGAL. Protini hii hutengenezwa na chembe nyeupe za damu na pia na chembe za mrija wa figo zinapopata shida. Huonekana haraka. Mwaka 2005 watafiti wa Cincinnati, Marekani, walitangaza matokeo ya watoto 71 waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Watoto 20 kati yao walipata jeraha la figo. Kreatinini ililionyesha baada ya siku 1 hadi 3, lakini NGAL katika mkojo ilikuwa imepanda saa 2 tu baada ya upasuaji.

3. NAG. Hiki ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya vile vijifuko vya kusaga taka. Ni kikubwa kiasi kwamba hakiwezi kupenya kwenye kichujio kutoka katika damu. Kikionekana kwa wingi kwenye mkojo, maana yake kimetoka katika chembe za mrija zilizoumia.

4. Beta-2 mikroglobulini na alfa-1 mikroglobulini. Hizi ni protini ndogo ambazo kwa kawaida hupita kwenye kichujio kisha huokotwa na mrija. Mrija ukishindwa kuokota, hutoka na mkojo. Beta-2 mikroglobulini ina udhaifu mmoja: huharibika katika mkojo wenye asidi, hivyo mkojo usipohifadhiwa vizuri jibu huwa la uongo.

5. TIMP-2 na IGFBP7. Protini hizi mbili hupimwa kwa pamoja. Huongezeka chembe zinaposimamisha kugawanyika ili zisife kutokana na shida iliyozipata.

VIMEFIKIA WAPI?

Safari ya viashiria hivi ilianzia kwa panya wa maabara, ambao walipewa jentamaisini na sumu nyingine za figo, kisha mkojo wao ukalinganishwa na hali halisi ya figo chini ya hadubini. Mwaka 2008 mamlaka za dawa za Marekani na za Ulaya zilikubali viashiria 7 vya mkojo, KIM-1 ikiwa mojawapo, vitumike kutambua madhara ya figo wakati dawa mpya zinapojaribiwa kwa wanyama. Mwaka 2018 FDA, yaani Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, ilikubali kundi la viashiria 6, vikiwemo KIM-1, NGAL na NAG, vitumike katika majaribio ya mwanzo ya dawa mpya kwa watu wenye afya. Faida yake kwetu ni kubwa ingawa haionekani: dawa inayoumiza figo inaweza kukamatwa mapema kabla haijafika kwenye duka la dawa la kijijini.

Kwa upande wa wagonjwa, mwaka 2014 FDA iliruhusu kipimo kiitwacho NephroCheck, kinachopima TIMP-2 na IGFBP7 kwa watu wazima walio mahututi. Desemba 2023 iliruhusu kipimo cha NGAL kiitwacho ProNephro AKI kwa watoto wa kuanzia miezi 3 na vijana hadi umri wa miaka 21. Vipimo vyote viwili hutumia mkojo.

Kuhusu viuavijasumu hasa, watafiti wa Liverpool, Uingereza, walipima mkojo wa watoto njiti waliopewa jentamaisini na kutangaza matokeo mwaka 2012. KIM-1 ilipanda sambamba na matumizi ya dawa, jambo ambalo kreatinini haikulionyesha vizuri. Kwa jeraha la mzio, watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2023 kwamba protini iitwayo CXCL9 katika mkojo husaidia kulitofautisha na majeraha mengine, kazi ambayo kwa kawaida huhitaji kuchukua kipande cha figo kwa sindano.

Tusisahau upande wa pili. Kipimo kizuri hakikamati mwenye kosa tu, bali pia humwachilia asiye na kosa. Kwa miaka mingi madaktari waliogopa kuchanganya vankomaisini na dawa ya piperasilini-tazobaktamu kwa sababu kreatinini ilipanda. Wengine walishuku kwamba kupanda huko hakutokani na jeraha la kweli. Mwaka 2023 jaribio kubwa la Marekani, lenye wagonjwa 2,511, lilichapishwa. Wagonjwa waliopewa piperasilini-tazobaktamu hawakupata jeraha la figo zaidi ya waliopewa kiuavijasumu kingine, ingawa wengi wa pande zote mbili walikuwa wakipewa pia vankomaisini.

FUNZO KUTOKA KATIKA KIFUA KIKUU SUGU

Wasomaji wetu wengi wanawafahamu watu waliotibiwa kifua kikuu sugu. Tanzania ilianza kutoa tiba hiyo mwaka 2009 katika Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro. Wakati ule tiba ilitegemea sindano za kila siku za kanamaisini, amikasini au kapreomaisini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 ulitaka sindano hizo ziendelee kwa takriban miezi 8. Wagonjwa wengi duniani walipona kifua kikuu lakini wakapoteza usikivu, na wengine figo zao ziliumia.

Dunia haikungoja mpaka kila hospitali iwe na kipimo cha mkojo. Ilitafuta njia ya kuondoa sumu yenyewe. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kanamaisini na kapreomaisini zisipendekezwe tena. Mwaka 2020 lilipendekeza tiba fupi ya vidonge vitupu yenye bedakwilini, na mwaka 2022 likaongeza tiba ya vidonge ya miezi 6. Amikasini imebaki kama akiba kwa hali maalumu, tena chini ya uangalizi wa karibu.

Funzo ni kwamba kugundua jeraha mapema ni vizuri, lakini kulizuia ni bora zaidi. Viashiria vya mkojo ni chombo kimoja tu katika kazi hiyo.

MIPAKA YA VIPIMO HIVI

Haitakuwa haki kuwaeleza wafadhili uzuri bila kuwaeleza upungufu.

NGAL hutengenezwa pia na chembe nyeupe za damu. Mgonjwa anayepewa viuavijasumu kwa kawaida ana maambukizi, na maambukizi yenyewe, hasa ya njia ya mkojo, yanaweza kuipandisha NGAL hata kama dawa haina hatia. Kwa njiti, kiwango chake huwa juu kutokana na uchanga wa figo.

Mkojo hubadilika. Aliyekunywa maji mengi ana mkojo mwepesi na aliyekauka ana mkojo mzito, hivyo kiashiria kile kile kinaweza kusomeka tofauti. Maabara hulazimika kurekebisha hesabu.

Bado hakuna kiwango kimoja kilichokubaliwa duniani kote ambacho kikifikiwa daktari aseme, "Sasa simamisha jentamaisini." Jibu la kipimo ni lazima lisomwe pamoja na hali ya mgonjwa. Kwa mtoto mchanga mwenye maambukizi katika damu, kuacha dawa kunaweza kumuua haraka kuliko jeraha la figo, ambalo mara nyingi hupona lenyewe katika wiki kadhaa likigunduliwa na dawa ikibadilishwa. Hivyo basi, asitokee mzazi au mjumbe wa kamati akazuia sindano kwa sababu amesoma makala hii. Uamuzi huo ni wa daktari au mganga anayemtibu mgonjwa.

Mwisho, hakuna dawa inayoiponya figo mara moja baada ya kipimo kutoa onyo. Kinachofanyika ni kupunguza au kubadilisha dawa, kurekebisha maji ya mwili, na kuondoa dawa nyingine zenye madhara. Kama hospitali haiwezi kufanya hayo, kipimo kitatoa habari isiyo na wa kuisikiliza.

JE, TUCHANGIE KIPIMO KIPYA?

Mfadhili mwenye moyo mwema anaweza kutaka kuipatia hospitali kifaa cha kupimia viashiria vya mkojo. Kabla ya kupokea, kamati na uongozi wa hospitali wajibu maswali haya kwa ukweli:

- Je, maabara inaweza kupima kreatinini kila siku, hata mwisho wa wiki, na kutoa jibu siku hiyo hiyo?
- Je, wodi ya watoto ina mizani inayopima gramu, na inatumika?
- Je, vitendanishi vya kifaa kipya vitapatikana nchini, vitahifadhiwa kwenye baridi inayotakiwa, na nani atavilipia mwaka wa pili na wa tatu?
- Je, dawa mbadala ipo kwenye stoo ikiwa daktari ataamua kubadilisha?
- Je, mgonjwa ambaye figo zake zimefeli atapelekwa wapi?

Kama jibu la maswali mengi ni "hapana", fedha hizo zitaokoa watu wengi zaidi zikianzia huko. Mizani nzuri ni kinga ya figo. Tuchukue mfano wa hesabu. Mtoto mwenye kilo 3 katika wiki yake ya kwanza, kwa dozi ya Shirika la Afya Duniani ya miligramu 5 kwa kila kilo, anahitaji miligramu 15 za jentamaisini kwa siku. Kichupa kimoja cha dawa hiyo huwa na miligramu 80 katika mililita 2, hivyo mtoto anatakiwa kupata chini ya mililita 0.4. Lakini kuna vichupa vingine vyenye miligramu 20 tu katika mililita hizo hizo 2. Muuguzi aliyechoka akichanganya vichupa hivyo usiku, mtoto atapata dozi mara 4 au robo ya dozi. Hakuna kiashiria cha mkojo kitakachozuia kosa hilo. Litazuiwa na mwanga wa kutosha, sindano ndogo za mililita 1, jedwali la dozi ukutani na muuguzi wa pili wa kuhakiki.

Kwa hospitali kubwa za rufaa zenye wodi za watoto njiti na za wagonjwa mahututi, hali ni tofauti. Huko viashiria vya mkojo vinaweza kuleta faida ya kweli, hasa vikiwekwa ndani ya utaratibu wa utafiti ili tujue vinavyofanya kazi kwa watoto wa Afrika, wenye malaria, utapiamlo na magonjwa yetu mengine. Kwa kuwa mkojo hukusanywa bila kumchoma mtoto sindano, wazazi wengi watalipokea jambo hili kwa urahisi. Katika Hospitali ya KCMC, Moshi, ambako tangu mwaka 2009 wagonjwa wa jeraha la ghafla la figo wamekuwa wakisafishwa damu kwa kutumia maji maalumu yanayowekwa tumboni, imeonekana kwamba figo nyingi zilizoumia ghafla zinaweza kurudi kufanya kazi iwapo mgonjwa atafika mapema. Neno "mapema" ndilo lenye uzito.

KAMATI YA AFYA YA PAROKIA IFANYE NINI?

Mambo yafuatayo hayahitaji mashine:

1. Waelimishe waumini wasinunue sindano za viuavijasumu dukani na kuchomwa mitaani bila kupimwa. Jentamaisini si sindano ya "kuondoa uchovu" wala ya kila homa.

2. Wahimize wagonjwa na ndugu zao wamweleze mganga dawa zote wanazotumia, zikiwemo za maumivu na za mitishamba, bila kuona haya.

3. Wafundishe kina mama kuhesabu nepi au vitambaa vilivyolowa vya mtoto anayetibiwa, na kumweleza muuguzi vikipungua. Lakini wakumbuke kwamba jeraha la jentamaisini linaweza kutokea hata kama mkojo haujapungua, hivyo vipimo vilivyoagizwa visiachwe.

4. Mgonjwa anayeharisha au kutapika apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti mapema. Figo yenye maji huvumilia dawa kuliko figo iliyokauka.

5. Mgonjwa aliyeagizwa kurudi kupima damu baada ya kuruhusiwa asaidiwe nauli. Kiasi hicho kidogo kinaweza kuokoa maisha yake.

6. Katika kila kikao cha robo mwaka, kamati iulize hospitali maswali mawili: Ni wagonjwa wangapi walitumia sindano za jamii ya jentamaisini kwa zaidi ya siku 5? Na wangapi kati yao walipimwa figo? Maswali haya yakiulizwa kila mara, majibu yataboreka.

DALILI ZA KUWAHI HOSPITALI

Mtu anayetumia viuavijasumu, au aliyemaliza siku chache zilizopita, awahi kuonwa akiwa na mojawapo ya haya: mkojo kupungua sana au kuwa na rangi ya damu, uso au miguu kuvimba, kichefuchefu kisichoisha, kusinzia kusiko kwa kawaida, upele mwilini ukiambatana na homa mpya, masikio kuvuma, usikivu kupungua au kizunguzungu.

HITIMISHO

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ugonjwa wa figo ukuta huo ni kusafishwa damu mara 2 au 3 kwa wiki, gharama ambayo familia nyingi za vijijini haziwezi kuibeba hata kwa mwezi mmoja. Viashiria vya mkojo ni jicho jipya la kuona ufa ukiwa bado mwembamba. Vinastahili kufuatiliwa, na siku vitakapokuwa na bei nafuu na viwango vilivyothibitishwa kwa wagonjwa wetu, tuwe tayari kuvipokea.

Kwa leo, ufa mwingi tunaweza kuuziba kwa mizani sahihi, dozi sahihi, siku zilizohesabiwa, maji ya kutosha na kreatinini inayopimwa kwa wakati. Tunawaomba wanakamati wajadili makala hii katika kikao kijacho, na tunawaomba wafadhili waulize kwanza hospitali inakosa nini kabla ya kuamua watoe nini.